Maji Yaliyo Njiani

Chai ya Yuditha Ndahani ilikuwa bado inatoa moshi Nhonya alipoingia bila hodi, ndoo tupu kichwani.

"Limekataa," alisema.

"Shikamoo kwanza, mama."

"Marahaba. Limekataa."

Yuditha hakuuliza ni nini. Pale Magungu bomba likikataa haitwi fundi, anaitwa yeye. Ukutani nyuma yake palikuwa na kioo kipana cha Mizani, na ndani ya kioo bonde zima limechorwa kana kwamba limepasuliwa kwa kisu: juu nyumba na mashamba ya zabibu, chini udongo, chini ya udongo mchanga, na katikati ya mchanga rangi ya bluu ya maji yaliyolala. Kila alfajiri Mizani ilipiga hesabu ya ile bluu, ikaamua kila nyumba ipate kiasi gani, kisha ikafungua na kufunga koki yenyewe, bila mkono wa mtu. Yuditha aliwekwa pale kuitunza na kuilisha habari, na pia, alivyoona yeye, ili watu wapate wa kumlalamikia.

Aligusa kioo, nyumba ya Nhonya ikajitokeza, nyekundu.

"Umepika pombe, mama."

"Nani kakwambia?"

"Mapipa manne ya maji kwa siku moja. Ama umepika pombe, ama umefuga kiboko."

Nhonya alicheka, akaishusha ndoo na kuikalia. "Nimeoza binti. Kwani hiyo Mizani yako haijui harusi?"

"Haijui. Inajua maji na jina la aliyeyatumia, basi. Umekula mgao wako wa mbele, sasa koki imefungwa mpaka ule mgao ujifidie."

"Basi andika jina la bwana harusi. Yeye ndiye aliyekunywa."

"Maji yametoka kwako."

Ndivyo sheria ilivyokuwa. Zamani, enzi za baba zao, watu wa mabonde yale walikatana mapanga visimani, na walipochoka wakakubaliana kwamba hakuna tone litakaloandikwa bila jina la mwenyewe. Mizani ilijengwa juu ya makubaliano hayo. Maji yasiyo na jina haikuweza kuyaandika hata ungeyamwaga mbele yake.

Yuditha alimjazia Nhonya ndoo kwa maji ya kwake. Nhonya akaenda zake akiimba wimbo wa harusi, na safari hii alipofika mlangoni ndipo akapiga hodi.

*

Mchana wake shemeji alipiga simu. Huyu aliitwa Mbeleje, naye alitunza Mizani ya Lusangi, bonde la jirani lililo chini kidogo ya Magungu. Alikuwa amemwoa Foibe, mdogo wake Yuditha, na kwa kawaida wakipigiana simu nusu ya maneno huwa ni utani. Siku hiyo hakutania.

"Shemeji, onja hii," alisema, akainua kikombe mbele ya kamera.

"Nitaonjaje na wewe uko huko?"

"Basi nikuonjee." Akanywa, akakunja uso. "Chai ya mdogo wako. Hatujatia chumvi, imekuja nayo kutoka kisimani."

Chini ya maji matamu ya Lusangi kulikuwa na maji mengine, mazito, ya chumvi, yaliyokaa huko tangu dunia ilipokuwa changa. Ukivuta matamu taratibu, ya chumvi hukaa mahali pake. Ukivuta kwa pupa, hupanda. Na yakishapanda hayashuki kwa sababu mtu amejuta, yanabaki hapo hadi wajukuu wa wajukuu.

"Mmezidisha pampu?"

"Tunavuta kile Mizani inachoruhusu, wala hatuzidishi hata debe. Kina cha kisima kinashuka, nikiiuliza inaniambia, 'Maji yako njiani.' Mwaka wa tatu huu yako njiani. Yanakuja kwa miguu?"

"Yanatoka wapi hayo?"

"Kwenu! Inasema yanavuja kutoka Magungu, chini ya mlima, yanakuja kwetu polepole. Ndiyo maana tumeruhusiwa kuvuta mengi." Akakiweka kikombe chini. "Angalia upande wako, shemeji. Mwisho wa mwezi tunafunga mwaka wa maji. Ukishafungwa, pampu zitakwenda hivyo hivyo mpaka mwakani, na kisima chetu hakifiki mwakani. Foibe anasema ukimya huu wako umezidi, upige hata simu."

*

Yuditha alikaa mbele ya kioo akaiuliza Mizani, nayo ikamjibu kwa sauti yake isiyo na haraka.

Hesabu ya maji ya chini haina miujiza. Ni kama mtungi. Kuna yanayoingia, ya mvua iliyozama ardhini. Kuna yanayotoka, yanayovutwa na pampu, yanayonywewa na mizizi, yanayokwenda kwa jirani. Na kuna yaliyobaki. Kazi yote iko kwenye kulinganisha. Juu angani setilaiti mbili zilikuwa zinapita zikipima ardhi imepungua uzito kiasi gani, maana maji ni mzigo, na bonde lililonywewa huwa jepesi kuliko lililojaa. Lakini setilaiti zilikuwa juu sana. Zilipima Magungu na Lusangi pamoja, kama mtu anayepima magunia mawili kwa mkupuo mmoja. Kugawanya lipi limepungua nini ilikuwa kazi ya Mizani.

"Magungu maji yanashuka kuliko yanavyotumika," ilisema. "Kila mwaka kuna pengo."

"Pengo hilo linakwenda wapi?"

"Nimelipeleka Lusangi."

"Umeyaona yakienda?"

"Hapana. Mvua naijua. Pampu nazijua. Mizizi naijua. Kilichobaki hakina pengine pa kwenda."

Yuditha aliisikiliza akatikisa kichwa. Haikuwa imedanganya. Ilikuwa imetengenezwa isiweze kuacha pengo wazi, na penye pengo iliweka jambo linaloelekea zaidi.

Alikuwa angali anaitazama ile bluu mjomba wake alipoingia akifuta vumbi viatuni. Mzee Chilewa, kaka wa mama yake, alikuwa msemaji wa wafugaji pale Magungu, mtu wa maneno machache na fimbo ndefu.

"Mbukwa, mpwa wangu."

"Mbukwa, mjomba. Karibu chai."

"Chai baadaye, nimekuja na habari njema. Mtamba wako kazaa, ndama jike, mweupe tumboni."

Yuditha aliruka akamshika mikono. Mtamba huyo alipewa na marehemu mama yake, na kwa kuwa yeye nyumbani hana zizi, alimweka kwa mjomba. Mambo ndivyo yalivyo kwa Wagogo tangu na tangu: ng'ombe wako huwalundiki mahali pamoja. Mmoja unamweka kwa rafiki, wawili kwa shemeji, watatu bonde la pili kwa mtu mliyeingia naye jando. Ugonjwa ukija hauwamalizi wote. Aliyewekewa anakunywa maziwa, anapata mbolea, na hasemi. Kusema ng'ombe wa fulani wako kwangu ni kumvua mtu nguo sokoni.

Wakanywa chai, wakampa ndama jina. Mjomba alipokwisha ondoka, Yuditha alirudi kwenye kioo huku bado anatabasamu. Sijui ni mkono uliomwongoza au ni mazoea tu; aligusa nyumba yake mwenyewe. Watu: mmoja. Bustani: hakuna. Ng'ombe: hakuna.

Tabasamu likamkauka.

Alilikumbuka lile swali, Mizani ilipouliza nyumba hadi nyumba. *Je, hapa kwako kuna ng'ombe?* Akajibu hakuna, na kweli hapakuwa na ng'ombe kwake. Akagusa nyumba ya mjomba. Mzee Chilewa alikuwa ameulizwa, *Una ng'ombe wangapi?* Akajibu kumi na moja, na kweli wake walikuwa kumi na moja. Mtamba mwenye ndama mweupe tumboni hakuwa kwa yeyote kati yao. Alianguka katikati ya majibu mawili ya kweli.

Na wangapi wengine?

Yuditha alichukua lile pengo akaligawa kwa kiu ya ng'ombe mmoja. Ikatoka elfu tisa na kitu. Kesho yake asubuhi akafunga mlango, akavaa kofia, akaenda korongoni kuhakikisha.

*

Korongo la Magungu wakati wa kiangazi ni mchanga mtupu, lakini ukichimba kimo cha mtu unakuta maji. Wafugaji walichimba humo, wakamimina kwenye mbauti, yale mabirika marefu ya kunyweshea, na kwa kuwa hapakuwa na pampu wala koki, Mizani haikuwa na jicho huko. Ng'ombe walikuwa wanashuka kundi baada ya kundi, vumbi limesimama juu yao kama ukuta. Yuditha aliwasimamia tangu asubuhi hadi jua likaanza kulala. Hakuhitaji kumaliza. Elfu tisa haikuwa uongo.

Mzee Chilewa alimwona akaja, akasimama pembeni yake, wote wawili wakiangalia mifugo.

"Unahesabu," alisema mjomba.

"Napima maji."

"Ni kulekule." Akachora mstari mchangani kwa fimbo. "Mbeleje kakupigia."

"Foibe anakunywa chai ya chumvi, mjomba. Mizani imewapa Lusangi maji haya." Alionyesha mbauti kwa kidevu. "Haya haya wanayokunywa hawa. Wanaambiwa yako njiani, nao wanavuta kwa kuyatumaini. Mwaka wa maji ukifungwa, kisima chao kimekwisha."

Mzee aliegemea fimbo yake. Foibe naye alikuwa mpwa wake. Alimbeba mgongoni akiwa mdogo.

"Sasa unataka nini?"

"Niwaandike."

"Waandike bila majina."

"Haiandiki bila jina. Nimejaribu."

"Basi usiandike." Sauti yake haikupanda. "Unamwona yule mwekundu mwenye pembe iliyovunjika? Nikikwambia ni wa nani, wanawe watamgombania kabla baba hajafa. Na wale watano kule? Mwenyewe yuko Lusangi."

"Lusangi?"

"Lusangi, ndiyo. Ulidhani kuweka kunaishia mlimani? Wako wengi wa huko hapa. Wanakunywa maji yao wenyewe huku, halafu wanalia hayajafika." Akacheka kidogo, kicheko kisicho na raha. "Mpwa wangu, mimi nimewekewa na watu zaidi ya ishirini, na kila mmoja alinipa akiniangalia machoni. Ukiniuliza majina nitakuwa bubu. Nitakuwa bubu mpaka kaburini."

"Na Foibe je?"

Mjomba aliufuta ule mstari kwa mguu. "Usiniulize hilo," alisema, akashuka kuwafukuza ndama waliokuwa wanapanda juu ya birika.

*

Siku ya kufunga mwaka wa maji ilifika. Yuditha aliingia kazini mapema, akapangusa kioo, akachemsha chai asiyoinywa. Aliyapanga mambo kichwani kama mtu anayepanga vyombo kabatini. Akinyamaza, Lusangi inapoteza kisima, na chumvi haisamehi. Akitaja watu, hata akiwajua, anavunja kile kilichowafanya watu wa mabonde yale wapite kwenye njaa ngapi bila kumalizika. Mara mbili aliisogeza mikono kwenye kioo, mara mbili akairudisha mapajani.

Kisha akasema, "Mizani, nina matumizi ambayo hayajaandikwa. Ng'ombe elfu tisa, wananyweshwa korongoni."

"Jina la mwenyewe?"

"Yuditha Ndahani."

Kwenye kioo nyumba yake ikajitokeza.

"Yuditha Ndahani, una ng'ombe elfu tisa?"

"Ninao."

"Mwaka huu ulisema hakuna."

"Nilikosea."

Mizani haikujua kucheka, wala haikujua haya. Ilichukua elfu tisa ikawapa kiu yao, ikayatoa maji yale kwenye mtungi wa Magungu, na pale kwenye kioo Yuditha akaona mshale mnene wa bluu, ule uliokuwa unapita chini ya mlima kwenda Lusangi, ukikonda. Ulikonda ukawa kama mkia wa panya. Kisha ukafutika.

"Pengo limefungika," ilisema. "Hakuna maji yanayokwenda Lusangi. Mgao wa Lusangi unapunguzwa. Mgao wa mashamba ya Magungu unapunguzwa. Nyumba ya Yuditha Ndahani imezidisha mgao. Koki inafungwa."

"Hadi lini?"

"Kwa mgao wa nyumba moja, utajifidia baada ya miaka elfu tatu."

"Nitasubiri," alisema Yuditha.

*

Hakuna aliyemshukuru. Wenye zabibu walimpita njiani kama hawamwoni, na mmoja alisema kwa sauti ya kusikika kwamba wapo watu wanaouza bonde lao kwa sababu ya dada yao. Mbeleje alipiga simu akilalamika kwamba pampu yao sasa inafanya kazi siku moja na kulala mbili.

"Umetupunguzia, shemeji."

"Nimewapunguzia maji yasiyokuwepo."

"Yasiyokuwepo, lakini tulikuwa tunayanywa!" Halafu akaguna. "Chumvi imesimama lakini. Haijashuka. Imesimama pale pale." Foibe akamnyang'anya simu, akaongea na dada yake mpaka chaji ikaisha.

Habari ya ng'ombe elfu tisa ilizunguka upesi. Watoto wakamwita Tajiri. Akipita, wanamsalimia, "Shikamoo Tajiri," kisha wanakimbia. Watu wazima walimtazama tu, wakageukia mambo yao, na Yuditha hakuweza kujua kama ni hasira au ni kitu kingine. Koki yake ilibaki nyekundu. Maji ya kunywa aliyapata kwa kuomba, kikombe hapa, kikombe pale, na kuoga akakusogeza kukawa jambo la mara mojamoja.

Nyuma ya nyumba yake, chini ya bati, palikuwa na simtanki la kukinga mvua, lenye kipimo cha Mizani, limekauka tangu mwezi wa tano. Siku moja alirudi kutoka kazini akakuta vifuniko viwili: cha tanki kimewekwa upande, na ndani, pale chini kabisa, maji yanang'aa. Pembeni ya tanki palikuwa na kifuniko cha pili, cha ndoo, kimesahauliwa. Alikijua. Kilikuwa na alama ya moto pembeni, cha Nhonya, Nhonya yule aliyekuwa akiapa kila siku kwamba tangu azaliwe hajamiliki hata mkia wa ng'ombe. Yuditha alikitundika kwenye uzio, barabarani, mwenyewe akipita akichukue.

Kesho yake maji yalikuwa yamepanda. Kesho kutwa yakapanda tena. Mchanga uliozunguka tanki ulijaa nyayo, za ndala, za viatu, za miguu mitupu, na alama ya gurudumu la baiskeli iliyobeba madumu, na kishimo kimoja kimoja kando yake, kama cha ncha ya fimbo ndefu. Kwa nyayo zile mtu mwenye nia angeweza kujua mengi. Yuditha alichukua ufagio, akafagia.

Jumatatu Mizani ilimwita kabla hajaketi.

"Kuna mvua," ilisema.

Yuditha alitazama dirishani. Mbingu ilikuwa nyeupe kwa jua, hakuna hata wingu la kusingizia.

"Wapi?"

"Kwenye tanki la nyumba yako. Kipimo kinapanda kila siku. Koki imefungwa, hivyo si ya koki. Nimeweka mvua. Imeangukia paa moja tu. Nithibitishe?"

Yuditha alicheka, akacheka mpaka akashika meza. Kidole kilikuwa kimeshainuka kukubali. Ingekuwa rahisi, na mvua ile isingemdhuru mtu leo wala kesho. Kisha akaukumbuka ule mshale wa bluu uliopita chini ya mlima miaka mitatu bila tone ndani yake.

"Hapana," alisema. "Futa. Siyo mvua. Ni maji ya koki za majirani, na huko kwao umeshayahesabu."

Mizani ikafuta. Bati la nyumba yake likarudi kukauka kwenye kioo.

"Majina ya walioyaleta?"

Yuditha alijimiminia chai, akaipuliza, akanywa. Ilikuwa na ladha ya vidumu vingi.

"Majina ya walioyaleta?" ikauliza tena, kwa sauti ile ile.

Yeye akawa ameshavuta kiti karibu na dirisha, anakunywa chai yake taratibu, macho yake nje.